Kushiriki Msiba wa Rutaihwa

Simu ya Klaudia ilikuwa ya kupewa. Mdogo wake Rutaihwa alichoka kumpigia kwenye kitochi na kumsimulia vitu ambavyo angeweza kumwonesha, akamletea simu ya tachi, akamwambia, "Dada, sasa utaona ninachokiona." Rutaihwa alikuwa mnunuzi wa dagaa kwenye visiwa vya Muleba, na alikuwa mtu wa kuonesha. Alimtumia picha za dagaa walioanikwa, mtumbwi uliopakwa rangi mpya, korongo aliyesimama juu ya paa la kanisa la mabati, mvuvi wa Kisukuma aliyelala na mdomo wazi. Picha hizo zilifika dukani kwake Kashai asubuhi na jioni. Klaudia aliziangalia akiwa amekinga jua kwa kiganja, akacheka peke yake, akarudi kupima maharage.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na yeye analala chumba cha nyuma. Ana miaka hamsini na mbili, hajaolewa tena tangu mume wake alipohamia Mwanza na kusahau kurudi, na hana mtoto. Aliyemlea ni huyo Rutaihwa. Mama yao alipofariki Rutaihwa alikuwa na miaka saba, na Klaudia, aliyekuwa na kumi na tano, akaacha kuwa dada akawa kitu kingine ambacho hakina jina zuri. Hata baada ya Rutaihwa kuoa na kujenga Kagoma, nyumba ile ilihesabiwa kuwa ya Klaudia pia. Kulikuwa na kitanda chake, na mabinti wawili waliogombania nani alale na shangazi.

Simu ilipokuja ilikuwa inazungumza Kiingereza. Klaudia aliishia darasa la saba, na Kiingereza alichokipata huko kilitosha kusalimia mgeni na kumuaga. Burhani, fundi simu wa kona ya pili, ndiye aliyeibadilisha.

"Mama Klaudia, nimekuwekea Kiswahili," alimwambia. "Sasa huna kisingizio."

Ungedhani hilo ni jema, na Burhani alilifanya kwa wema. Lakini maneno ya Kiingereza Klaudia alikuwa akiyaogopa, na kwa sababu aliyaogopa hakuyagusa. Ya Kiswahili aliyaamini. Kiswahili chake si cha kuzaliwa nacho. Nyumbani ni Kihaya, Kiswahili alikipata shuleni na kanisani, na neno alilofundishwa kanisani lina maana moja tu kichwani mwake, ile aliyoisikia ikisomwa kwenye matangazo.

Rutaihwa alifariki Jumanne asubuhi, kisiwani Goziba. Alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja, akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini, hakuinuka. Wavuvi walimpigia Nicholaus, kaka mkubwa, anayelima kahawa na migomba kwenye kibanja cha baba yao huko Kaagya. Nicholaus akampigia Klaudia.

"Umekaa?" aliuliza.

"Nimesimama. Napima sukari."

"Kaa kwanza."

Alikaa juu ya gunia, akaambiwa. Aliyasikia maneno yote na akayaelewa, lakini hakuna kilichotokea ndani yake. Mwili ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unauona uko pale, unaubonyeza, hausemi kitu. Mteja aliyekuwa mlangoni aliuliza kama sukari yake imeshapimwa. Klaudia akamalizia kuipima, akafunga mfuko, akampa.

"Upo?" Nicholaus aliuliza.

"Nipo, kaka."

"Stellah hajui. Nimewazuia wavuvi wasimpigie. Wewe ndiye wa kwenda Kagoma, unajua mwenyewe. Usimwambie kwenye simu, waitu, ndugu yangu. Nenda mkaonane."

"Nimesikia."

"Nasema tena, usimwambie kwenye simu."

Stellah ni mke wa Rutaihwa. Katika ukoo wao mke hapewi habari ya kifo cha mumewe na shemeji wala na jirani, na hata padri akifika mapema huzungumza habari za mvua mpaka dada wa marehemu afike. Dada ndiye aliyemwingiza bi harusi ndani siku ya kwanza, kwa hiyo dada ndiye anayebeba na hili. Ni kazi ambayo hakuna anayeitaka na hakuna anayeikataa. Klaudia alifunga duka, akafunga khanga mbili kwenye kifurushi, akapanda bodaboda hadi stendi.

Alikaa kwenye gari la Muleba kiti cha dirishani akisubiri lijae. Hapo ndipo simu ilipotetemeka mkononi.

Ilikuwa picha. Wafanyabiashara wa dagaa wana ukurasa wao mtandaoni wanakotangaziana bei na hali ya ziwa, na Rutaihwa ndiye aliyemwingiza Klaudia humo. Mtu fulani, ambaye Nicholaus hakujua kama anatakiwa kuzuiwa, alikuwa amebandika picha ya Rutaihwa akiwa na shati la bluu, anacheka, na kila upande amewekewa mshumaa wa kuchora na njiwa. Juu iliandikwa, "Pumzika kwa amani mpambanaji wetu." Chini kulikuwa na maneno matatu, yamepangwa kwenye mstari. Nimependa. Toa maoni. Shiriki.

Sasa hapa msomaji naomba asimcheke haraka. Aliyapanga maneno hayo mtu gani, sijui, ila nina hakika hajawahi kukaa kwenye msiba wa Kaagya. Klaudia aliyasoma yote matatu, kwa utulivu wa mtu asiyehisi kitu. Nimependa, la. Nani anapenda kifo? Toa maoni, la. Maoni gani mtu anayo juu ya jambo hili, kwamba lingefanyika vizuri zaidi? Lilibaki moja, na hilo alilijua tangu utoto. Kwenye jumuiya yao ya kanisa huko Kashai katibu husimama kila Jumamosi na daftari akauliza, "Msiba wa fulani, nani atashiriki?" Watu huinua mikono, majina yakaandikwa. Asiyeshiriki misiba ya wenzake hukumbukwa siku ya msiba wake. Na hapa kulikuwa na picha ya mdogo wake, na chini yake anaulizwa kwa neno lile lile.

Akabonyeza Shiriki.

Nyuso zikatokea. Zilikuwa ndani ya miduara midogo, zimejipanga. Wa kwanza alikuwa Rutaihwa mwenyewe. Wa pili alikuwa Stellah, na kilemba chake cha Pasaka. Wa tatu Nicholaus, halafu Burhani fundi, halafu wanajumuiya wawili. Anayezijua simu anajua kwamba zile ni nyuso za watu anaowaandikia mara nyingi, simu imezipanga ili usipate shida ya kutafuta. Klaudia hakujua hivyo. Aliona msiba. Aliona marehemu mbele, mjane anayemfuata, kaka mkubwa baada yake, kisha majirani, mpangilio ule ule ambao angeukuta angeingia mlangoni. Wamekwishakaa, akawaza. Mimi ndiye niliyechelewa.

Kwa hiyo akawapitia, kama unavyowapitia watu msibani kuwapa mkono mmoja mmoja. Aligusa uso wa Rutaihwa. Aligusa uso wa Stellah. Kila alipogusa, alama ya vema ya kijani ilijitokeza pembeni, kama katibu anaandika jina. Alipomaliza, chini kabisa palitokea neno Tuma. Pole huwa zinatumwa, hilo ni Kiswahili cha kila siku. Akabonyeza na hilo, akaiweka simu kwenye kifurushi, na gari likaondoka.

Njiani hakufikiri chochote. Kulikuwa na migomba, halafu misonobari, halafu ziwa kwa mbali, halafu migomba tena. Alipanga maneno ya kumwambia Stellah, akayasahau, akayapanga tena kwa Kihaya. Muleba alibadilisha gari.

Alipofika Kagoma alikuta watu uani. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wamesimama karibu na mti mmoja wa kahawa, mikono nyuma. Stellah alikuwa kwenye ngazi ya mlango, simu kwenye mapaja, macho makavu. Klaudia alisimama na kifurushi chake.

"Wifi," alisema.

"Nimeipata, wifi," Stellah alijibu. "Asante. Imefika."

Alimgeuzia simu. Ilikuwa picha ile, mishumaa na njiwa, na juu yake jina la Klaudia. Stellah alikuwa sokoni Kagoma, ameinama anachagua nyanya, simu ikalia. Alijua ni wifi, akadhani ni salamu, akafungua huku ameshika nyanya kwa mkono mwingine. Hayo Klaudia aliyasikia baadaye kutoka kwa watu. Siku hiyo Stellah hakumwambia neno jingine.

Mwili ulivushwa ziwani Jumatano, ukafika Kaagya usiku huo, Alhamisi wakazika kwenye kibanja pembeni ya kaburi la baba yao. Klaudia alikwenda kukaa kwenye mkeka karibu na mjane, mahali pa dada. Stellah alimwita binamu yake Rosalina akamwambia akae hapo. Wanawake waliona, na mkeka mzima ulijua. Kitu kingine walichokiona ni kwamba mjane hakulia. Jeneza lilishuka, wanaume wakatupia udongo, Stellah akaangalia kama mtu anayeangalia watu wakipanda mgomba. Wengine walianza kunong'ona. Klaudia naye hakulia, lakini yeye hakuna aliyemwangalia kwa hilo.

Baada ya mazishi wanaukoo walikaa, na Klaudia aliulizwa. Alieleza yote, Shiriki na nyuso na vema za kijani. Mzee mmoja alitaka kucheka, akajikohoza. Nicholaus hakucheka.

"Nilikwambia mara ngapi?" aliuliza.

"Mara mbili, kaka."

"Na ukatuma."

"Sikutuma. Nilishiriki."

Nicholaus akainuka akaenda kukagua ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Kesho yake Stellah alipokuwa anarudi Kagoma na mabinti, alimwachia Nicholaus ujumbe. "Mwambie wifi asihangaike kuja kwangu. Habari akiwa nazo anajua pa kuzipitisha."

Klaudia alirudi Kashai akafungua duka. Alipima sukari, alipima maharage, alimimina mafuta ya kula kwenye chupa za wateja bila kumwaga hata tone. Watu walimpa pole akashukuru. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Usingizi aliupata, hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Alijaribu kumkumbuka Rutaihwa akiwa mtoto ili alie, akakumbuka, mtoto akaja akasimama mbele yake na kaptula iliyochanika, akaondoka, na Klaudia akaendelea kupanga sabuni. Alichokihisi kidogo kilikuwa kwamba simu imekuwa nyepesi, kwa kuwa asubuhi na jioni haikulia tena.

Baada ya wiki mbili aliipeleka kwa Burhani.

"Nieleze neno hili," alisema, akaweka kidole chini ya picha ya mtu anayeuza majiko.

"Shiriki? Hiyo ni kusambaza, mama. Ukibonyeza, unawapelekea wengine hicho unachokiona."

"Kusambaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini hawakuandika Sambaza?"

Burhani alifikiri. Si mtu wa kupuuza swali. "Nadhani waliona Shiriki ni neno la kistaarabu zaidi. Lina upendo."

"Na zile nyuso?"

"Simu inakukisia. Inatazama unaongea na nani sana, inakuwekea mbele. Imerahisishwa, mama, ili usichelewe."

"Nani aliwaambia nachelewa?"

Klaudia alifungua picha nyingine, ya mkungu wa ndizi, aliyoipiga yeye mwenyewe, ikiwa na ukungu, akabonyeza kuifuta. Simu ikauliza: Una hakika unataka kufuta? Alimgeuzia Burhani aone.

"Ndizi inaniuliza kama nina hakika," alisema. "Siku ile haikuniuliza."

Alisema hayo bila hasira. Hasira ingehitaji kitu cha kuiwasha, na ndani yake hakukuwa na kitu. Angekuwa yeye ndiye anayepangiwa kazi ya kutengeneza vitu hivyo, alimwambia Burhani, angeweka swali moja tu, "Huyu unayempelekea, anajua?" Burhani alisema ni wazo zuri. Akamwambia pia kwamba watu wa huko hawafikiki. Klaudia alichukua simu yake akarudi dukani.

Siku ya thelathini Nicholaus alipiga simu. Misa ya arobaini ingesomwa parokiani Kagoma, na baada ya misa watu wangekwenda kula nyumbani kwa marehemu.

"Misa uje," alisema. "Ila nyumbani, nimezungumza na Stellah, hajabadilika. Utaishia kanisani, Klaudia. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Nitaishia kanisani."

"Na baada ya hapo tuone. Muda utapita."

Alikata simu, na Klaudia akaelewa maana ya tuone. Dada akizuiwa siku ya arobaini, amezuiwa. Hakuna siku nyingine ya kumrudisha. Mabinti watakua wakijua kwamba shangazi yupo Kashai na kwamba haji, na baada ya miaka michache hawatauliza. Alikitazama kitanda chake mwenyewe kule nyuma ya duka, akakiwaza kile cha Kagoma. Jumamosi ya wiki hiyo alifunga duka asubuhi, akaenda bila kumwambia mtu.

Stellah alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi, maganda yametapakaa kuzunguka miguu yake. Mabinti walikuwa wamekwenda mazoezi ya kwaya. Alimwona Klaudia akiingia, kisu hakikusimama. Lakini Kagoma haifukuzi mgeni aliyekwisha kuingia uani, na Stellah alikuwa mtu wa adabu hata akiwa hataki. Aliingia ndani akaleta kiti na kikombe cha maji.

"Karibu," alisema.

"Asante, wifi. Sijaja kukaa."

"Kaa tu. Umetoka mbali."

Klaudia alikunywa maji. Stellah aliendelea kumenya. Kuku walipita. Klaudia alijua kwamba ameandaa maneno, akayatafuta, hayakuwepo, na wala hakusikitika kwa kuyakosa.

"Ulimtumia na yeye," Stellah alisema ghafla.

"Nani?"

"Baba Clotilda." Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, kwa jina la binti yao mkubwa. "Simu yake ililetwa na nguo zake. Niliiweka wiki nne. Juzi nikaichaji, nikaiwasha, ikalia. Nikaogopa. Nikafungua, ni wewe. Umemtumia picha ya kifo chake mwenyewe."

Klaudia aliweka kikombe chini.

"Nimekaa nayo siku tatu hiyo simu," Stellah aliendelea, bado anamenya. "Nilikuwa nasema, wifi alinichukia siku zote, akaona amalizie. Halafu nikaona hiyo. Mtu anayenichukia mimi angenitumia mimi. Yeye angemtumia ya nini? Nieleze, maana nimeshindwa."

"Nilidhani mko msibani," Klaudia alisema.

"Msibani wapi?"

"Humo." Alitoa simu, hakuiwasha, akaonesha tu kioo cheusi. "Iliandikwa Shiriki. Nikabonyeza ili nishiriki. Mkatokea mmekaa, yeye mbele, wewe unafuata, halafu Nicholaus. Nikasema mmeshakusanyika, nimechelewa. Nikawapitia kuwapa mkono. Yeye nilianza naye kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele. Nilimgusa usoni, wifi. Wewe nikakugusa hapa." Akaonesha shavu lake mwenyewe. "Sikujua kwamba ninakwambia."

Kisu kilisimama. Stellah alimtazama kama anavyotazama mtu hesabu iliyokubali baada ya kukataa mara nyingi. Alitoa sauti fupi puani, ambayo kwa mtu mwingine siku nyingine ingekuwa kicheko.

"Ulinigusa," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na nyanya mkononi. Nililipa nyanya, wifi. Nilizilipia, nikabeba, nikaja nazo hadi nyumbani. Na mpaka leo nipo vile vile. Watu wanasema mjane hana uchungu, nawasikia. Ninapika, ninafua. Usiku nalala. Mimi mwenyewe najiuliza kama nilikuwa nampenda."

"Na mimi nalala," Klaudia alisema.

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga, akaacha, akaanza tena. Stellah alifuta kisu kwenye khanga, akakiweka chini, na utomvu wa ndizi ulikuwa umemtia vidole weusi.

"Basi niambie," alisema.

"Nikwambie nini?"

"Ulitumwa uje uniambie. Hujaniambia. Nimeambiwa na mishumaa. Nimekupa kiti, umekunywa maji. Niambie."

Klaudia alitaka kusema kwamba unajua tayari. Badala yake aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye maganda, akamshika Stellah mikono yote miwili juu ya vifundo, kwa nguvu, kwa maana mtu anayeambiwa huweza kuanguka. Alipoona mdomo wake mwenyewe unataka kusema Kiswahili cha matangazo ya kanisani, akakiacha, akasema kwa Kihaya. Alimwita Stellah kwa jina lake na jina la baba yake. Akamwambia kwamba Rutaihwa, mume wake, amefariki.

"Lini?" Stellah aliuliza.

"Jumanne. Asubuhi, saa mbili."

"Wapi?"

"Goziba. Alikuwa anageuza dagaa."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Alikuwa na wavuvi. Mmoja alimshika kichwa mpaka mwisho."

"Alisema nini?"

"Alisema kichwa kinamuuma. Hakusema jingine."

"Hakuniita?"

"Hakuwahi, wifi. Hakuwahi kumwita mtu yeyote."

Sauti iliyomtoka Stellah haikuanzia kooni. Ilianzia chini, ikapanda polepole, na ilipofika juu ikawa ukelele ambao kuku wote waliukimbia. "Mawe! Mawe!" alilia, akimwita mama yake kwa Kihaya, akamwangukia Klaudia, na Klaudia alimshika kama alivyotakiwa kumshika, akasikia kitu kikipasuka ndani yake pia, kwa maumivu makali sana, akalia kwa sauti iliyomtisha mwenyewe. Walilia kama watu wanaopigwa.

Kutwanga kwa jirani kulikoma. Getruda, mwenye nyumba ya upande wa pili wa migomba, alikuja mbio, khanga ameifunga kiunoni, mchi bado mkononi.

"Kuna nini?" aliuliza akihema. "Nani? Nani amefariki?"

"Mume wangu," Stellah alisema. "Wifi amefika sasa hivi kuniambia."

Getruda alikuwa Kaagya siku ya mazishi. Alibeba maji ya kupikia, alikula chakula cha msiba, alirudi na gari moja na mjane. Alimtazama Stellah, akamtazama Klaudia aliyepiga magoti kwenye maganda. Kisha akaweka mchi chini, akavua kandambili zake, akakaa karibu nao, akamshika Stellah bega.

"Poleni, waitu," alisema. "Amefariki lini?"